Siku Tano na Mwana wa Mdogo Wetu

Kwa miaka minne na miezi saba mdogo wetu hakulala hata usiku mmoja mbali na mwanawe. Harusi za jamaa alihudhuria na mtoto ubavuni, matangani alikwenda akarudi kabla ya Isha, na mara mbili alipoalikwa Lamu kwa Maulidi alijibu kwamba safari yake bado haijaandikwa. Wasiojua walisema anamdekeza. Mtoto huyo ana selimundu, maradhi ya damu ambayo mitaani huitwa sikoseli, na mama yake amejifunza kumtazama rangi ya macho, joto la ngozi, hata namna anavyoshika kijiko, akajua siku itakuwaje.

Mimba yake ya pili ilipotimia, daktari aliamua ajifungue kwa upasuaji katika hospitali moja ya kisiwani, siku ya Jumatano asubuhi, naye alazwe tangu Jumatatu. Baba wa mtoto ni dereva wa malori ya masafa marefu, na wiki hiyo alikuwa njiani kutoka Malaba. Nyanya yake amekwisha tangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Tukabaki sisi dada wawili wakubwa, tunaokaa pamoja katika nyumba ya wazee wetu hapa Port Reitz, mmoja mjane na mwenziwe watoto wake wamekwisha hamia kwao. Kwa lugha yetu sote wawili ni mama zake wakubwa. Yeye hututofautisha kwa kumwita mmoja Mama Mkubwa wa Miwani.

Aliletwa Jumatatu baada ya Adhuhuri, akatubusu mikono kama alivyofunzwa, kisha akauliza ndege zinapita saa ngapi. Nyumba yetu iko chini ya njia ya ndege zinazoshuka uwanja wa Moi, na kwa mtoto wa Kisauni hilo ni jambo kubwa. Mama yake hakukaa hata kumaliza kikombe cha chai. Alitukabidhi mfuko wa dawa, chupa ya maji na daftari la shule lenye jalada la buluu, akasema neno moja tu alipofika mlangoni: “Chochote kitakachotokea, msinifiche.” Tukamwahidi.

Daftari lile lilistahili kuitwa kitabu. Ukurasa wa kwanza uliandikwa uzito wake, kundi la damu yake, na kiwango cha damu anachokuwa nacho siku zote akiwa mzima, yaani kati ya 7 na 8, ambacho mtoto mwingine akiwa nacho wazazi wangepiga mayowe. Ukurasa wa pili ulikuwa wa dawa: penisilini asubuhi na jioni hadi atimize miaka mitano, kwa sababu watoto hawa huwa wepesi kushambuliwa na vijidudu, asidi ya foliki ya kuusaidia mwili kutengeneza damu mpya, kidonge cha kila siku cha kukinga malaria, na kidonge cha hidroksiyurea, ambacho yeye mwenyewe tangu ashike mimba alikuwa hakigusi kwa mkono mtupu. Dawa hii ya mwisho wengi wa akina mama huiogopa. Tunaiandika hapa kwa kuwa ilijaribiwa jirani zetu, Kilifi, pamoja na Uganda, Angola na Kongo, kwa watoto zaidi ya 600, na mwaka 2018 matokeo yakachapishwa: maumivu yalipungua, haja ya kuongezewa damu ikapungua, malaria yakapungua, na vifo pia. Si dawa ya kununua dukani kwa kusikia. Huhitaji daktari na vipimo vya damu vya mara kwa mara.

Ukurasa wa tatu ulikuwa na mchoro wa tumbo la mtoto, na alama chini ya mbavu za kushoto. Hapo ndipo panapokaa bandama. Kwa mtoto mwenye selimundu bandama yaweza kuvimba ghafla na kuimeza damu ya mwili kwa muda wa saa chache, na mzazi aliyefunzwa kuipapasa huweza kulijua jambo hilo kabla mtoto hajaanza kulegea. Mdogo wetu alikuwa ametufunza wiki nzima kabla, vidole viwili, polepole, mtoto akiwa amelala chali na magoti yamekunjwa. Kijana mwenyewe hudhani ni mchezo, hucheka kwa kutekenywa.

Lakini kilichotushughulisha kuliko dawa zote ni maji. Chupa ilikuwa ya lita moja na nusu, imechorwa mistari kwa wino usiofutika, kila mstari na saa yake: huu kabla ya chai ya asubuhi, huu saa nne, huu Adhuhuri, hadi chini. Damu ikikosa maji huwa nzito, na chembe zake, ambazo kwa maradhi haya hujikunja mfano wa mundu, hukwama katika mishipa midogo. Hapo ndipo maumivu yanapozaliwa. Wenye kuijua Port Reitz watatabasamu wakisikia kwamba uzima wa mtoto umetegemea maji. Mfereji wetu ulitoa pumzi tupu siku zote hizo tano, nasi tulinunua kwa mitungi kutoka kwa kijana wa mkokoteni, tukayachemsha, tukayapoza, tukayachuja kwa kitambaa cheupe. Hatukuwahi kuyahesabu maji namna hiyo, hata Ramadhani.

Na maji yakiingia hutoka. Usiku wa kwanza alilowesha kitanda mara mbili, akaamka amejikunyata anangoja kugombezwa. Daftari lilikuwa limekwisha tuonya: figo za watoto hawa hushindwa kuuzuia mkojo kuwa mwingi, na juu yake wananyweshwa maji kutwa. Hapana ukaidi hapo wala uvivu. Tulibadilisha shuka, tukamvisha nguo kavu, tukamwambia kwamba Mama Mkubwa wa Miwani alipokuwa mdogo aliwahi kulowesha godoro la wageni kutoka Pate. Alicheka hadi usingizi ukamrudia. Habari yenyewe ni ya kweli, ingawa mhusika hakupenda isimuliwe.

Jumanne ilipita kwa ndege na jahazi. Alihesabu ndege kumi na moja, akala uji wa wimbi na mbaazi kidogo, akakaa barazani na kikoti chake kwa kuwa upepo wa kusi ulikuwa mkali na baridi ni adui yake. Alitaka kuteremka hadi kwenye mikoko kuona kaa. Tulimpeleka hadi ukingoni tu, asikanyage maji. Kutoka hapo huonekana winchi za bandarini kwa mbali, naye akatuuliza Port Reitz ni jina la nani. Swali la mtoto, lakini jibu lake lilitufikirisha sisi zaidi kuliko yeye.

Reitz alikuwa luteni wa jeshi la majini la Uingereza. Mwaka 1824 Kapteni Owen alipokubaliana na Wamazrui kuiweka Mombasa chini ya ulinzi wa Waingereza, alimwacha Luteni John James Reitz awe msimamizi wa mji. Hakumaliza hata miezi minne. Homa ya bara, ambayo leo tunaitambua kuwa malaria, ilimuua mwezi Mei wa mwaka uo huo, na jina lake likabaki kwenye hori hili. Miaka zaidi ya mia baadaye, mwaka 1949, daktari mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alikusanya damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi hii. Akakuta kwamba wabebaji wa selimundu ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na wachache nyanda za juu ambako mbu ni haba. Mwaka 1954 akatangaza sababu: aliyerithi selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu haugui, na zaidi ya hayo amekingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali. Kwa hiyo kile kilichomuua Reitz kiliwakosa wengi wa wazee wetu kwa sababu ya damu ile ile ambayo leo inamtesa mwana wa mdogo wetu, aliyeirithi kutoka pande zote mbili. Tulikaa ukingoni tukilifikiri hilo hadi akatukumbusha kwamba mstari wa saa kumi umefika.

Neno hilo la pande zote mbili twaomba msomaji alishike. Katika nyumba nyingi za pwani mtoto akiugua ugonjwa huu vidole huelekezwa kwa mama: damu yake chafu, au kwao wana jini, au alikula kitu akiwa mja mzito. Mdogo wetu ameyasikia yote hayo, mengine kutoka kwa watu waliokuja kumzuru. Ukweli ni kwamba mtoto hawezi kuwa na maradhi haya ya namna yake mpaka kila mzazi ampe fungu. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto mgonjwa, mbili kati ya nne za mbebaji asiyeugua, na moja ya mtoto asiye na chochote. Na hesabu hiyo huanza upya kwa kila mimba. Wapo wanaodhani kwamba wakiwa wamekwisha pata mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo.

Katika posa za kwetu huulizwa mambo mengi: ukoo, swala, kazi, mahari, kitanda na kabati. Damu haiulizwi, na hasa wanapooana watoto wa ndugu, ambako nafasi ya wote wawili kuwa wabebaji ni kubwa zaidi. Saudi Arabia ilifanya kipimo cha selimundu na thalasemia kuwa sharti la kabla ya ndoa mwaka 2004, na Bahrain ikatunga sheria yake mwaka huo huo. Huko majibu hayaivunji posa. Wachumba huelezwa, kisha huamua wenyewe wakiwa na macho. Kwa maoni yetu, babu anayekwenda kuposa na orodha ya vyombo vya shaba anaweza kuongeza karatasi moja ya maabara bila haya yoyote.

Turudi nyumbani. Usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano, saa saba na nusu, tulisikia akigugumia. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba kidogo juu ya kiganja, na paji la uso lilikuwa moto. Kipimajoto kilisema 38.4. Daftari lilikuwa limeandika kwa herufi kubwa kwamba ikifika 38 hakuna kungoja asubuhi, hakuna kumpa dawa ya homa na kumlaza tena. Tulipapasa bandama, haikuwa imevimba. Mmoja wetu akamvisha, mwenziwe akampigia simu jirani mwenye tuktuk, ambaye Mungu amjazie kheri, alitoka na kikoi tu. Katika muda usiofika dakika ishirini tulikuwa mbele ya mganga wa zamu, na daftari la buluu liko mezani.

Tuliona faida ya daftari hilo usiku ule. Kijana mganga aliposoma damu yake ni 7.2, alianza kuzungumzia kumwongezea damu. Akafungua ukurasa wa kwanza, akaona hicho ndicho kiwango chake, akaghairi. Malaria hayakuonekana. Akawekewa maji ya mshipani, akadungwa dawa kali ya kuua vijidudu, akapewa dawa ya maumivu. Alilia sindano ilipoingia, kisha akauliza kama yule mwenye tuktuk anajua kuendesha ndege.

Saa tisa ya usiku alilala, na hapo ndipo sisi wawili tulipoanza kubishana ukumbini kwa sauti za chini. Mama yake angeingizwa chumba cha upasuaji saa mbili asubuhi. Mmoja wetu alisema asiambiwe. Ndiyo desturi yetu: mwanamke aliye katika uzazi hafikishiwi khabari nzito, hata ya msiba wa mzazi wake, mpaka apumue. Akisikia ataruka kitandani, ataikataa operesheni, shinikizo la damu litapanda. Mwingine alisema tumeahidi. Na tena, mtu aliyemlea mtoto huyu usiku na mchana kwa karibu miaka mitano si mtu wa kufichwa hali yake kana kwamba ni mgeni. Tulimpigia baba mtoto, akiwa Mtito Andei. Alinyamaza, kisha akasema, “Nyinyi ndio mama zake. Mtakaloliona.”

Kuna kisa ambacho kilituzunguka usiku huo, na wengi wa wasomaji wetu wanakijua. Baada ya Umra ya kulipa, mwaka wa saba wa Hijra, Mtume (s.a.w.) alipokuwa akiondoka Makka, binti mdogo wa Hamza, ambaye baba yake aliuawa Uhud, aliwafuata mbio akiita ami, ami. Ali akamshika mkono, akampa Fatma. Kisha wakagombania kumlea watu watatu: Ali, Zayd na Jaafar. Mtume akamhukumia Jaafar, kwa kuwa mkewe, Asmaa binti Umays, alikuwa ndugu wa mama wa mtoto. Akaeleza kwamba dada wa mama yuko mahali pa mama. Sisi Waswahili tumeliweka hilo katika ulimi wenyewe, tukamwita mama mkubwa na mama mdogo. Lakini usiku ule tuliona kisa hicho kina upande wa pili. Aliye mahali pa mama ana haki ya kuamua, ndiyo. Ila mama mwenyewe bado yuko hai, saa nne tu kabla ya kisu, na alikuwa ametuomba jambo moja.

Tulikubaliana kungoja hadi tuwe na la kumwambia lililo kamili. Baada ya Alfajiri homa ilikuwa imeshuka hadi 37.6 na mkono umeanza kulegea. Tukampigia. Hatukuzunguka: mwanao amepata homa usiku, tumemleta hospitali, amepata dawa ndani ya saa moja, malaria hana, damu yake 7.2, sasa amelala.

Kimya kilikuwa kirefu kiasi cha kudhani simu imekatika.

“Bandama?”

“Haijavimba. Tumepapasa, na daktari kapapasa.”

“Mkojo rangi gani?”

“Chai hafifu. Sasa unaanza kuwa mweupe.”

Akavuta pumzi. “Basi nami nitaingia,” akasema, akakata.

Wapo jamaa waliotulaumu baadaye, na mmoja wao hadi leo akitupita hutupa salamu ya upande mmoja. Wanasema tulicheza na roho mbili. Sisi twaona kwamba mwanamke aliyeingia mle ndani akiwa na khabari za kweli aliingia ametulia kuliko yule ambaye angelala pale akijiuliza kwa nini dada zake hawapokei simu.

Alijifungua mtoto wa kike saa tatu kasoro, wote wawili salama, alhamdulillahi. Kijana wetu alikaa hospitali hadi Ijumaa asubuhi. Siku zile mbili hazina mengi ya kusimulia: mistari ya chupa, mikate ya mofa iliyoletwa na majirani, na bibi mmoja wa kitanda cha pili aliyetushauri tumfunge uzi mweusi. Tulimshukuru. Kombe tulimletea kutoka kwa mwalimu wake wa chuo, akanywa kwa baraka, na sindano akadungwa kwa wakati wake.

Jumamosi mdogo wetu aliletwa moja kwa moja hapa, akitembea kwa kuinama, mtoto mchanga akiwa ndani ya leso. Kabla ya kuketi alimlaza mwanawe chali akampapasa chini ya mbavu. Kisha ndipo akalia. Kijana alimtazama nduguye muda mrefu, akashika kidole chake, akauliza, “Huyu damu yake ni kama yangu?”

Hatukumjibu, kwa kuwa jibu halikuwepo. Mtoto mchanga alikuwa ametolewa tone la damu kisiginoni, na sampuli imepelekwa maabara yenye mashine ya kuzitenganisha aina za damu, maana kipimo cha kawaida cha haraka hakimfai mtoto wa siku chache. Mama yake akamwambia, “Tutajua baada ya wiki chache, inshaAllah. Kwa sasa anakunywa maziwa yangu tu.” Akaridhika, akaenda kuangalia ndege.

Tunapoandika haya majibu bado hayajarudi. Daftari limeongezwa kurasa, na kwenye jalada yameandikwa majina mawili. Jambo moja limebadilika: mdogo wetu amekubali kwamba kila mwezi kijana atalala kwetu siku mbili ili yeye apate usingizi. Atakuja tena Ijumaa baada ya swala, na kijana wa mkokoteni ameshaagizwa mitungi minne.